Vuli mbili za ndege mmoja

Mwaka wangu wa kwanza Sweden nilifanya kosa ambalo hadi leo wenzangu hawajaacha kunitania. Nilitaka kuwaona ndege wa kiangazi wakiondoka, basi nikaomba likizo ya wiki ya mwisho ya Septemba, nikapanda basi hadi Falsterbo, ile ncha ya ardhi inayochomoza baharini kwenye kona ya kusini-magharibi ya nchi. Hesabu yangu ilikuwa rahisi: majani yakianza kugeuka manjano, ndege nao watafunga safari. Kumbe teleka niliokwenda kuwaaga walikuwa wameondoka wiki saba nyuma.

Kamusi nayo ilichangia. Ukitafuta jina la majira haya ya majani kupukutika, utaambiwa ni vuli. Kwetu Voi vuli ni mvua. Ni miezi ya Novemba na Desemba, vumbi la Tsavo likigeuka tope jekundu. Neno ni moja, lakini yanayotokea huku na kule hayafanani hata kidogo. Yupo ndege ambaye ana haki ya kulitumia neno hilo kwa maana zote mbili, nami nitamfikia.

Kwanza teleka. Wengi hufika hapa Skåne, jimbo la kusini kabisa mwa Sweden, katikati ya Mei, na Agosti ikianza wengi hawapo tena. Ni miezi mitatu tu. Hawajipangi kwenye nyaya za umeme kama mbayuwayu. Kinda huchungulia kwenye tundu chini ya paa kwa siku kadhaa, kisha siku moja hujiachia, na safari ya Afrika huanza hapohapo, bila baba wala mama wa kumwonyesha njia. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lund, si mbali na hapa, waliwafunga baadhi yao vifaa vidogo vya kurekodi. Mwaka 2016 walieleza kuwa wapo waliokaa angani miezi 10 mfululizo bila kutua. Ndege wa gramu 40 hivi anakula angani, analala angani, anazunguka juu ya misitu ya Kongo, na mguu wake hauligusi tawi hata siku moja.

Swali ninaloulizwa kuliko yote ni kama wanakimbia baridi. Hapana. Mapema Agosti watu hapa wanaogelea baharini na mbu wamejaa tele. Kinachowaamsha ni mwanga. Juni mchana wa huku una zaidi ya saa 17, lakini mwisho wa Agosti umebaki karibu saa 14, na kila siku unakatwa kama dakika nne. Mimi niliyekulia karibu na ikweta, ambako machweo ni saa 12 na ushee mwaka mzima, ilinichukua muda kuuona mchana ukipungua. Ndege anauona kwa mwili.

Lakini mwanga peke yake hautoshi kueleza jambo hili, la sivyo ndege aliye Kenya mwezi Machi angejuaje kuwa wakati wa kurudi umefika? Mjerumani Eberhard Gwinner aliwaweka ndege wadogo wanaohama ndani ya vyumba vyenye mwanga na joto visivyobadilika. Ndege hao waliendelea kunenepa na kuhangaika usiku majira ya safari yalipokaribia, kama vile wana kalenda tumboni. Mwanga huirekebisha tu kalenda hiyo isipotee siku.

Nimesema tumboni, na kwa kweli huko ndiko safari inakoonekana. Ndege wengi wadogo huondoka usiku, mmoja mmoja, kwa hiyo mwenye kuikodolea macho anga mchana ataambulia kidogo. Sisi tunaovisha ndege pete zenye namba mguuni tuna bahati ya kuwashika. Kuanzia saa 11 alfajiri tunatandaza nyavu laini kwenye matete ya Flommen, hapahapa Falsterbo, na kuzipitia tena na tena. Kila ndege anavishwa pete, anapimwa bawa na uzito, kisha unampulizia manyoya ya tumbo na koo. Manyoya yanagawanyika na unaona ngozi nyembamba kabisa, na chini yake mafuta ya manjano. Julai kishimo cha chini ya koo kinakuwa kitupu. Wiki chache baadaye kimejaa hadi kufura. Kuna mmoja wa matetini, Acrocephalus schoenobaenus, mwenye gramu 11 au 12 kwa kawaida, ambaye anaweza kukaribia kuuongeza uzito wake maradufu kabla ya kuondoka. Nikimshika aliyenona hivyo huwa simpi zaidi ya siku mbili tatu.

Sasa yule wa vuli mbili. Ni binamu yake, Acrocephalus palustris, ndege wa kahawia asiye na lolote la kukuvuta machoni, mkaazi wa magugu marefu yanayowasha. Uzuri wake uko kooni: ni mwigaji. Utafiti uliochapishwa mwaka 1979 ulionyesha kuwa dume mmoja huiga kwa wastani aina 76 za ndege, na 45 kati yao ni ndege wa Afrika. Kwa hiyo mwezi Juni, ukisimama kando ya mtaro wa Sweden, unaweza kusikia shore anayelia kama yule wa mwarobaini wa mama yangu. Mara ya kwanza nilizima baiskeli yangu ya umeme nikasikiliza hadi nikachelewa kazini.

Ndege huyu huanza kuondoka Ulaya Julai na Agosti, hupitia Mashariki ya Kati, kisha hukaa wiki nyingi Sudan na Ethiopia akingoja. Novemba na Desemba mvua zetu zikinyesha ndipo anashuka Kenya, na nyasi mbichi zimejaa wadudu. Huko Ngulia, Tsavo Magharibi, ambako kazi ya kuvisha pete ilianza mwaka 1969, usiku wa ukungu usio na mbalamwezi taa za hoteli huwavuta wahamaji hawa kwa maelfu. Ndiko nilikojifunza kazi hii, na yeye ni miongoni mwa ndege wa kwanza niliowahi kuwashika mkononi. Halafu huendelea kusini, hadi Msumbiji na hata Afrika Kusini. Vuli ya Sweden anaikimbia kabla haijaanza. Ya kwetu anaifuata.

Wenye kupenda mambo makubwa wangoje wiki ijayo, shakivale walao nyigu watakapoanza kupita. Ndege wa mabawa mapana kama hao hupanda kwa hewa moto inayoinuka ardhini, na juu ya bahari hewa hiyo haipo. Basi husongamana kwenye ncha hii kabla ya kuvuka kama kilomita 25 hadi Denmark. Njooni siku ya upepo wa kusini-magharibi, ule ambao mabaharia wetu wangeuita wa omo, yaani unaowapiga usoni. Ukivuma kutoka nyuma yao wanapita juu mno, wametawanyika. Waliokomaa hutangulia. Vijana wa mwaka huu hufuata wiki mbili hivi baadaye, bila kiongozi.

Jioni mbayuwayu nao huingia matetini kulala, kundi zima likizama kwa dakika chache, na asubuhi moja hawapo. Simlaumu Msweden Olaus Magnus, aliyeandika mwaka 1555 kuwa wavuvi huwavua kwa nyavu kutoka chini ya maji wanakolala majira ya baridi. Yeye aliwaona wakiingia, hakuwaona wakitoka.

Jumamosi iliyopita tulimshika kijana mmoja wa palustris, wa mwaka huu huu, kucha zake za rangi hafifu. Gramu 11.9, mafuta ya wastani. Nilipomfungulia kiganja hakuelekea kusini. Alitua kwenye tete la tatu kutoka hapo, akajitikisa, akaokota kidukari.