"-me-" si "have" kila mara

Vijana wengi wanaotembeza wageni hapa Lamu huamini kila "-me-" yetu ni "have" au "has" ya Kiingereza. Sivyo. Juzi gatini mgeni alimuulizia nahodha, akajibiwa "He has slept". Akaelewa nahodha ameshapata usingizi wake, yu tayari kung'oa nanga. Kumbe bado amelala chomboni, kikoi kimemfunika uso! Ilitakiwa "He is asleep". Hata "amevaa kikoi" ni "he is wearing", maana "-me-" hubeba pia hali iliyopo sasa.

Halafu, wengi wetu husema "amefika jana". Kiingereza hakikubali "has arrived yesterday": ukitaja wakati uliokwisha pita, sema "arrived". "Has arrived" ni ya aliyefika, bila kutaja lini.