Acheni kunitumia skrinishoti za Skegness

Ya wiki iliyopita ilikuwa ya tano mwaka huu. Skrinishoti ileile, mshale mwekundu uleule, na chini yake shangazi yangu wa Tanga ameandika: "Mwanangu, wewe si ndiye unayejua mambo haya? Mbona unamwacha mtoto aende kuuawa?"

Huyo mtoto ni binti wa mama yangu mdogo. Ana miaka 31, ni nesi, na ameishi Leicester miaka miwili bila kuuawa. Sasa amepata kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee huko Skegness, mji mdogo wa pwani ya mashariki ya Uingereza, kaunti ya Lincolnshire. Mtu mmoja kwenye grupu la ukoo akaingia kwenye tovuti ya kutafutia nyumba za kupanga, akaandika jina la mji, akajibiwa kwa rangi nyekundu kwamba kiwango cha uhalifu kiko juu kuliko wastani wa nchi. Basi, matanga yakaanza.

Kuchambua takwimu za uhalifu ndiyo kazi inayonilisha, mwaka wa tisa sasa. Nimeshajibu kwa ujumbe wa sauti mara nne. Hii ya tano naiandika, na atakayeniuliza tena nitamtumia linki tu.

Tuanze na hesabu ya shule ya msingi. Sehemu ina namba ya juu, kiasi, na namba ya chini, asili. Kiwango cha uhalifu nacho ni sehemu: juu unaweka makosa yaliyoandikishwa polisi, chini unaweka watu. Kila mtu anagombana juu ya namba ya juu. Ya chini hakuna anayeiangalia, na uongo mwingi hukaa huko.

Wakazi wa Skegness ni kama 20,000 na kidogo. Hao ndio waliohesabiwa kwenye sensa, na hao ndio wanaowekwa chini ya mstari. Sasa nenda pale Jumamosi ya Agosti kama utapata pa kuegesha gari. Mji huu umeishi kwa wageni zaidi ya miaka mia. Lile bango maarufu la mvuvi mnene anayerukaruka ufukweni kuwaita watu waje kwa treni ni la 1908, na kambi ya mapumziko ya Butlin's ilifunguliwa jirani, Ingoldmells, mwaka 1936. Ukitoka hapo kufuata pwani kwenda kaskazini ni karavani, karavani, karavani, maelfu kwa maelfu. Wamo wastaafu wanaokaa kwenye nyumba hizo za magurudumu miezi mingi ya mwaka huku kwenye makaratasi bado ni wakazi wa Nottingham au Leicester.

Kijana wa Leicester akilewa Skegness akampiga ngumi kijana wa Derby, kosa linaandikwa Skegness. Hao wawili hawapo kwenye asili. Mgeni akiibiwa pochi, kosa lipo, mgeni hayupo. Tuseme, kwa mfano wa kufundishia tu, makosa ni 3,000 kwa mwaka na wakazi ni 20,000. Hiyo ni 150 kwa kila watu 1,000. Ukikadiria kwamba kwa wastani wa mwaka mzima watu waliopo ni 40,000, unapata 75. Hakuna kosa hata moja lililopungua, lakini mji wa kutisha umekuwa mji wa kawaida.

Mkitaka kuona upuuzi huu ukiwa uchi, angalieni City ya London, ule mtaa wa mabenki. Sensa ya 2021 ilikuta wakazi kama 8,600. Wafanyakazi wanaoingia asubuhi na kutoka jioni ni mamia ya maelfu. Gawanya wizi wote wa simu na laptopu kwa wale 8,600 utadhani kuna vita. Kila mchambuzi anajua hili na huweka tanbihi. Tovuti za nyumba hazina nafasi ya tanbihi.

Hapa lazima niseme kitu ambacho vitabu vyetu hukipita haraka: asili sahihi siijui. Kuna wanaotumia data za simu za mkononi kukadiria waliopo. Kuna wanaosema kila kosa lipewe asili yake, yaani uvunjaji wa nyumba ugawanywe kwa idadi ya nyumba, wizi wa magari kwa magari yaliyoegeshwa, wizi wa madukani kwa maduka. Ni sawa kabisa, ila jioni yake huna tena namba moja ya kumpa shangazi. Niliwahi kujaribu asili tatu tofauti kwa mji mwingine wa pwani, nikapata mji hatari, mji wa wastani na mji salama. Bosi akaniuliza tuchapishe upi. Tukachapisha wa sensa, kwa sababu ndio kila mtu anaotumia. Sijivunii.

Mauaji nitayapitia haraka maana hesabu yake ni fupi. England na Wales pamoja, watu kama milioni 60, huwa na mauaji kama 500 hadi 600 kwa mwaka siku hizi. Ni kama mtu mmoja kwa kila 100,000. Kwa mji wa watu 20,000 unatarajia mauaji mamoja kila miaka mitano. Kwa hiyo miaka minne mji ni peponi, na mwaka wa tano, mume mmoja akimuua mkewe, mji una kiwango mara tano ya taifa. Ndivyo Boston ilivyopatikana. Ni Boston ya Lincolnshire, maili ishirini na kitu kutoka Skegness, ile yenye mnara mrefu wa kanisa unaoitwa Stump. Mwanzoni mwa 2016 magazeti yaliutangaza kuwa makao makuu ya mauaji ya nchi nzima. Ukisoma chini ya kichwa cha habari unakuta wamejumlisha mauaji na majaribio ya kuua, wakagawanya kwa wilaya ndogo ya watu wasiofika hata 70,000. Mpaka leo kuna Watanzania wanaoniambia "Boston usishuke". Mtu ana PhD, ananiambia usishuke.

Sasa tufike kwenye kinachonikera kweli, sanduku la "vurugu".

Ramani ya polisi ya mtandaoni, police.uk, iliyofunguliwa 2011, hupanga matukio kwenye makundi 14. Kundi linalowatisha watu wetu ni "vurugu na makosa ya kingono", na karibu kila mji ndilo kubwa au mojawapo ya makubwa. Shangazi akiona neno vurugu anaona panga. Ndani ya sanduku hilo kuna kubakwa na kuchomwa kisu, ndiyo. Kuna pia kusukumwa kwenye foleni ya baa, kofi lisiloacha alama, mwanamume asiyekoma kumfuatafuata mpenzi wa zamani, jirani anayemtumia jirani jumbe za vitisho. Zaidi ya nusu ya vurugu zinazoandikishwa na polisi nchini hazina jeraha la mwili. Mwaka 2023 kanuni za kuhesabu zilibadilishwa, sehemu ya zile jumbe za matusi zikahesabiwa vingine, na namba zikashuka. Hakuna aliyekuwa mpole zaidi mwaka ule.

Sisemi kwamba yasiyo na jeraha ni madogo. Mwanamke anayefuatwafuatwa hadi anahama nyumba hana jeraha na maisha yake yameharibiwa. Ninachosema ni kwamba sanduku hili halijibu swali lililoulizwa. Swali la ukoo ni hili: je, mtu asiyemjua atamvamia binti yetu barabarani? Sehemu kubwa ya sanduku ni watu wanaojuana, tena majumbani. Na kwa nesi kuna jingine ambalo hakuna aliyelitaja kwenye grupu: vurugu atakayokutana nayo mapema zaidi ni ya kazini, mzee mwenye demensia anayeamka saa tisa usiku, asijue yuko wapi, akamrukia. Hilo nalo likiripotiwa polisi linaweza kuingia sanduku lilelile. Mimi ningekuwa shangazi ningeuliza usiku wanakuwa manesi wangapi kwenye zamu, nikaachana na ramani.

Halafu tovuti nyingi za nyumba hujumlisha makundi yote 14, likiwemo la kero za mitaani: vijana wanaopiga kelele, pikipiki ufukweni. Hizo hazimo hata kwenye takwimu rasmi za uhalifu. Zimo kwenye ramani kwa sababu raia walipiga simu.

Na zile nukta za ramani haziko mahali kosa lilipotokea. Husogezwa hadi kwenye nukta ya karibu iliyopangwa mapema, ili aliyedhurika asitambulike. Kila nukta sharti ibebe eneo lenye anwani zisizopungua nane, au lisilo na anwani kabisa, kama eneo la maegesho. Tarehe haionyeshwi, saa haionyeshwi, mwezi tu. Kwa hiyo binti yetu akiuliza, "Kaka, nikitoka zamu saa nne usiku nipite mtaa upi?", ramani haina jibu kabisa. Itamwonyesha rundo la makosa "kwenye supamaketi au karibu nayo", ambayo ni wizi wa jibini, nyama na pombe, mchana kweupe. Mwaka 2024 wizi wa madukani ulioandikishwa England na Wales ulivuka nusu milioni. Duka likipata meneja mpya anayeripoti kila kitu, mji mdogo unapanda chati. Meneja akichoka, mji unakuwa salama.

Kuna na kinyume chake. Polisi wa Greater Manchester walibadilisha mfumo wa kompyuta Julai 2019 na data zao zikaacha kuingia kwenye ramani. Ukijumlisha bila kujua hilo, miji midogo ya huko, kama Ramsbottom, inageuka kuwa miji ya malaika. Nilishatumiwa skrinishoti ya hiyo pia, na mtu aliyetaka kununua nyumba.

Tatizo la kuandikisha halikuanza jana. Mwaka 2014 wakaguzi wa polisi walikadiria kwamba kosa karibu moja katika kila matano yanayoripotiwa polisi haliandikwi, na kwa vurugu ni theluthi nzima. Mapema mwaka huohuo takwimu za polisi zilikuwa zimeshavuliwa hadhi ya takwimu rasmi za kitaifa. Polisi wakaanza kuandika vizuri, na vurugu "zikaongezeka" miaka iliyofuata. Utafiti wa kaya, unaowauliza watu moja kwa moja tangu 1982, ulionyesha picha nyingine: kilele kilikuwa katikati ya miaka ya 1990 na tangu hapo uhalifu wa kawaida umeshuka sana. Huo ndio ninaouamini zaidi. Lakini hauwezi kusema lolote kuhusu mji mmoja wa watu 20,000, na hauwahoji wanaoishi kwenye nyumba za kutunzia wazee, wale hasa atakaowahudumia binti yetu.

Niungame pia. Niliibiwa baiskeli miaka mitatu iliyopita, nje ya stesheni, kufuli limekatwa safi. Sikuripoti. Mchambuzi wa takwimu za uhalifu. Ilikuwa ya paundi 60 na mvua inanyesha.

Kuna jambo moja ambalo shangazi yuko sahihi kunishinda nalo, na nimelifikiria sana. Kati ya mwisho wa Julai na mwanzo wa Agosti 2024, baada ya watoto wa kike kuuawa Southport, ghasia dhidi ya wahamiaji zililipuka. Southport yenyewe, Hartlepool, Tamworth. Sio miji mikubwa. Hoteli zenye waomba hifadhi zilishambuliwa. Wiki hiyo marafiki zangu weusi walifanya kazi nyumbani, na mimi nilimwambia mke wangu asiende sokoni. Hakuna kiwango cha Juni cha mji wowote kati ya hiyo kilichotuonya. Namba zangu huhesabu yaliyopita, tena ya watu wote kwa jumla, hazijui rangi ya anayetembea. Shangazi akiniuliza "Je, kwa mtu kama sisi?", ninachoweza kumpa ni maoni ya mtu anayeishi hapa. Uzoefu wangu wa miji ile ya pwani ni kutazamwa sana na kuulizwa natoka wapi hasa. Hayo hayaandikishwi popote.

Basi nilimwambia mdogo wangu aende siku moja ya kawaida, tena ya baridi, sio Agosti. Atoke kwenye ile nyumba ya wazee saa nne usiku atembee hadi chumba anachotaka kupanga. Amuulize nesi wa zamu ya usiku anarudije. Na aangalie taa. Tangu 2016 halmashauri ya kaunti ya Lincolnshire huzima taa nyingi za barabarani usiku ili kubana matumizi. Kuna utafiti mkubwa wa 2015 uliolinganisha halmashauri 62 za England na Wales, haukuona ushahidi kwamba kuzima taa kunaongeza uhalifu. Nimeusoma mara mbili, kazi safi. Na bado kwenye mtaa wangu zikizimwa natembea katikati ya barabara, funguo mkononi.

Alikwenda Januari. Alinipigia saa nne na nusu, nasikia upepo wa bahari unamkatia maneno.

"Kaka, hapa hakuna mtu."

"Hata mmoja?"

"Kuna mzee anatembeza mbwa. Amenisalimia."

Chumba amechukua. Tochi amenunua mbili.