Eti wageni wenzako watakuharibia Kijapani?

Kila barua za udahili zinapotoka, hakosekani mzazi wa kuniambia: "Mwalimu, mwambie huyu mtoto akifika Japani akae na Wajapani tu. Akijichanganya na wageni wenzake hatajua lugha." Nimechoka kulisikia. La kuudhi zaidi, hata wanafunzi waliokwisha kufika huko wanaliamini, wakajifungia bwenini kumsubiri Mjapani aje kubisha hodi.

Wanafunzi wengi wa kigeni Japani wanatoka China, Nepal, Vietnam na Korea Kusini. Hao ndio utakaokaa nao darasani, na wengi wao hamtaelewana kwa Kiingereza. Kinachobaki ni Kijapani: kibovu, cha kukatikakatika, lakini ndicho mtakachotumia kupangiana zamu ya kusafisha jiko na kugombania zamu hiyohiyo wiki inayofuata. Mjapani wa chuoni mara nyingi anakutafuta ili anoe Kiingereza chake, na akikuona umekwama anakumalizia sentensi kwa adabu zote. Mvietnamu hawezi kukumalizia, maana na yeye anaihangaikia.

Tena kila mmoja anakuja na chake. Mchina anaambulia maana ya kichwa cha habari gazetini wiki ya kwanza kwa sababu ya kanji, herufi zilizotoka kwao China, ila zoezi la kusikiliza linamtoa jasho. Mkorea mpangilio wa sentensi haumpi shida, kwao nako kitenzi kinakaa mwisho. Sisi wa Kiswahili tuna irabu tano kama wao, kwa hiyo matamshi tunayapata mapema, halafu tunafupisha irabu moja na bibi wa mtu anageuka shangazi. Mnepali anayefanya baito (kibarua) ya usiku kwenye konbini, duka dogo linalokesha, anaitoa keigo, lugha ya heshima, bila kusita wakati wewe bado unaitafuta kitabuni. (Walimu wanailalamikia lugha hiyo ya kaunta, na wana haki, lakini angalau inatoka mdomoni.)

Kwenye masomo ya jamii ndiko faida inakoonekana zaidi. Chukua Wakorea waliobaki Japani baada ya vita: Korea ilikuwa koloni la Japani, na mwaka 1952, mkataba wa amani wa San Francisco ulipoanza kutumika, walipoteza uraia wa Japani. Kwenye slaidi ya mhadhiri huo ni mstari mmoja. Mkorea akiwepo darasani, mstari huo unaweza kumaliza kipindi kizima. Au mpango wa wanagenzi wa ufundi, wageni wanaoletwa Japani kujifunza kazi, ulioanza mwaka 1993, ambao bunge lilipitisha sheria ya kuubadilisha mwaka 2024. Unaweza kuusoma ripoti kwa ripoti, lakini Mvietnamu mwenye ndugu aliyepitia huko atakueleza deni la dalali linavyolipwa. Maswali kama hayo Mjapani wa miaka 19 huenda hajawahi kuyauliza, kwa kuwa ni kwao.

Ushauri wangu, na siubadilishi: mshirika wa kusoma naye awe mtu ambaye hamna lugha nyingine ya pamoja. Kinachoua Kijapani ni kundi la vijana wanne wa Afrika Mashariki wanaokutana kila jioni na kupiga soga kwa Kiswahili hadi saa sita usiku. Ugali pikeni, sikatazi. Mwalikeni na Mkorea.

Dhana nyingine potofu nazipitia haraka. "Programu yangu ni ya Kiingereza, Kijapani cha nini?" Programu hizo zipo. Chuo kikuu cha Ritsumeikan Asia Pacific (APU) kule Beppu, kilichofunguliwa mwaka 2000, karibu nusu ya wanafunzi wake ni wageni na unaweza kuanza kwa Kiingereza. Hata hapo, anayeanza kwa Kiingereza analazimika kusoma Kijapani. Na mtu anayesomea jamii ya Kijapani asiyeweza kumhoji mzee wa kijiji bila mkalimani, sijui anasomea nini.

"Nikipata N1 nimemaliza." N1 ni ngazi ya juu kabisa ya JLPT, mtihani wa Kijapani kwa wageni. Mtihani huo ni wa kuchagua majibu, haukuombi uongee wala uandike insha. Wapo wenye cheti hicho wanaotetemeka zamu ya kuwasilisha kwenye zemi (semina ya chuoni) ikifika.

"Wajapani wote ni kabila moja." Waainu wa kaskazini wametambuliwa kisheria kuwa watu wa asili mwaka 2019, na Okinawa, visiwa vya kusini, ilikuwa kitovu cha ufalme wa Ryukyu hadi 1879. Hilo la kabila moja usiliandike kwenye insha, utarudishiwa.

Na lile la wazazi: "Atafanya kazi, atajilipia ada." Mwanafunzi anahitaji kibali kwanza, na kikitoka, kikomo ni saa 28 kwa wiki, isipokuwa likizo ndefu ambapo anaruhusiwa hadi saa 8 kwa siku. Akizidisha, anaweza kunyimwa nyongeza ya muda wa viza. Saa hizo zinasaidia chakula na nauli ya treni. Ada itafutiwe fungu lake kabla tiketi haijakatwa.