Wateja Wako Wawili Wakigombana: Ushauri kwa Wasambazaji Wadogo

Malalamiko ya aina moja yanazidi kufika kwenye ofisi za biashara za wilaya hapa Uganda. Mzalishaji mdogo, tuseme wa siagi ya karanga, anauzia maduka mawili ya mtaa mmoja. Siku moja mwenye duka la kwanza anagundua kuwa jirani yake anapata mzigo uleule kwa bei nafuu, na simu zinaanza: "Ukiendelea kumpelekea yule, mimi basi." Mzalishaji anakuja kwetu akitaka tumwite mwenye duka tumkanye. Hatuna mamlaka hayo. Ofisi ya biashara haimpangii mtu anunue kwa nani, wala haikupangii wewe bei ya siagi ya karanga.

Ugomvi wenyewe mara nyingi huanzia kwenye bei zisizo na maelezo. Tuchukulie unauza kopo kwa shilingi 7,000, na anayechukua makopo 24 au zaidi kwa taslimu unampa kwa 6,500. Huko si kupendelea, mradi kila mteja ameonyeshwa masharti hayo na yeyote anayeyatimiza anapata bei hiyo. Kinacholeta matata ni punguzo la kunong'onezwa, la "usimwambie mtu". Atajua tu. Bodaboda uliyemkodi anabeba katoni za maduka yote mawili, ankara zimebandikwa juu, bei inasomeka. Weka ankara ndani ya bahasha iliyofungwa, na ukiweza, peleka mzigo wa kila duka kwa safari yake. Mteja akiuliza mwenzake amechukua katoni ngapi wiki hii, jibu ni moja kwa wote: oda ya mteja ni siri yake, na ya kwako naitunza vilevile.

Wapo wanaojaribu kuficha tofauti kwa kuandika ankara mbili, moja ya kuonyesha na nyingine ya kweli. Hilo ni kosa la kodi. Aliyesajiliwa kwa VAT (kodi ya ongezeko la thamani) anatakiwa kutoa ankara kupitia EFRIS, mfumo wa ankara za kielektroniki wa Mamlaka ya Mapato ya Uganda (URA), na mfumo huo hauna ankara ya kuonyesha.

Mteja akikutaka usimuuzie jirani yake, hilo ni ombi la kibiashara. Unaweza kulikataa kwa heshima. Ukilikubali, basi naye akupe kitu: idadi ya chini ya makopo kila mwezi, eneo linalojulikana, na muda wenye mwisho, kwa mfano miezi mitatu. Ahadi ya "nitakuwa nachukua nyingi" haitoshi kukufanya upoteze mteja anayekulipa leo.

Na iandikwe. Hapa lazima tuseme wazi, kwa sababu "sisi tunaaminiana" tumelisikia kupita kiasi. Sheria ya Mikataba ya mwaka 2010 inataka mkataba wowote unaozidi pointi 25 za sarafu uwe wa maandishi. Pointi hizo ni kipimo cha fedha kinachotumiwa na sheria; moja ni shilingi 20,000, kwa hiyo tunazungumzia chochote kinachopita 500,000. Katoni chache tu zinafika hapo. Sheria hiyohiyo inakubali ujumbe wa kielektroniki kuwa maandishi, mradi unaweza kufunguliwa na kusomwa baadaye. Kwa hiyo meseji ya WhatsApp yenye idadi, bei, tarehe ya kupeleka na siku ya malipo, na mteja akajibu "nimekubali", ina uzito. Usiifute. Ukibadilisha simu, hakikisha mazungumzo yamehama nawe.

Kuna upatanisho mmoja ambao msambazaji hufanya kwa nia njema na ukamtia matatani. Anawakalisha wenye maduka, wanakubaliana wote wauze kopo kwa bei moja, au huyu achukue upande wa stendi na yule upande wa soko. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2023, inayosimamiwa na wizara inayohusika na biashara, inakataza washindani kupanga bei pamoja au kugawana soko. Usiwe mjumbe wao, hata kwa meseji. Bei ya jumla ni yako. Bei ya rafuni kila mwenye duka aipange mwenyewe.

Karanga zikiadimika na mzigo usiwatoshe wote, gawa kulingana na oda za kawaida za kila mmoja, na uwaarifu wote siku hiyohiyo. Anayepiga kelele zaidi asipate zaidi. Tofauti pekee tunayoiona ya haki ni kwa anayedaiwa mali kauli (mzigo aliochukua kwa mkopo) iliyopita muda: huyo anaweza kusubiri hadi alipe.

Hasira zikimfanya mteja akatae kulipa deni, usilipeleke kwa mshindani wake wala usilitangaze kwenye kundi la wafanyabiashara. Deni lisilozidi shilingi milioni 10 linaweza kupelekwa kwenye utaratibu wa madai madogo mahakamani, ambako huhitaji wakili. Kwanza unampa mdaiwa notisi ya madai. Asipolipa, unajaza fomu ya madai kwa karani wa mahakama, na mdaiwa huitwa kujibu. Ofisi ya biashara ya wilaya inaweza kukusaidia kupanga nyaraka kabla hujaenda. Njoo na ankara, karatasi ya kupokelea mzigo yenye saini ya aliyeupokea dukani, kumbukumbu za malipo ya simu, na simu yenyewe yenye meseji. Saini ya dereva wa bodaboda peke yake haionyeshi kuwa mzigo ulifika.