"From scratch": kuanzia kwenye mkwaruzo

Anayejifunza Kiingereza hapa Goma hukutana mapema na maneno "from scratch". Akifungua kamusi anaambiwa scratch ni mkwaruzo, kama wa kucha kwenye ngozi. Mtu anaanzaje kazi kutoka kwenye mkwaruzo?

Mkwaruzo huo ni mstari. Huko Uingereza mstari wa kuanzia mashindano ulikwaruzwa ardhini, kama watoto wetu wanavyouchora kwa kijiti kwenye mchanga mweusi wa volkano kabla ya kukimbizana. Katika baadhi ya mbio za karne ya 19, wakimbiaji dhaifu walisogezwa mbele hatua kadhaa ili wapate nafasi. Hodari alibaki mstarini. Huyo ndiye aliyeanza "from scratch", na mimi hupenda kukumbusha kwamba alikuwa ndiye mwenye mbio kuliko wote. Hakupunguziwa hata hatua moja.

Leo maana yake ni kufanya jambo bila kitu kilichotangulia kuandaliwa. Mtazame fundi wa chukudu, ile skuta ya mbao ya kubebea mizigo: anachukua mti mbichi, anauchonga kwa panga, anakata magurudumu ya mbao na kuyavisha mpira wa tairi kuukuu. Hiyo ni chukudu "from scratch". Ukinunua iliyovunjika ukabadilisha gurudumu, umeikarabati tu. Fufu nayo ni hivyo hivyo: loweka muhogo, uanike, uutwange mwenyewe. Unga wa kupimiwa sokoni hauhesabiki.

Wengi hutafsiri "kuanza upya", na hapo sikubaliani nao. Kuanza upya kunataka uwe uliwahi kuanza. Tarehe 17 Januari 2002, lava ya mlima wa volkano Nyiragongo ilipita katikati ya mji wetu hadi ikaingia Ziwa Kivu. Aliyeokoa mabati yake akayapigilia juu ya mbao mpya, huyo alianza upya. Aliyerudi mikono mitupu akajenga juu ya jiwe lile jeusi, alianza upya na pia "from scratch". Kwa hiyo mimi husema "kuanzia sifuri".

Katika sentensi, maneno haya hukaa baada ya kitendo: kujenga, kupika, kujifunza, kuandika. Ukimwambia mwajiri kwamba ulijifunza useremala "from scratch", ataelewa kuwa siku ya kwanza hukujua hata kushika randa.