Kusoma Bila Kukwama Si Kuelewa: Dhana Potofu Kuhusu Ufahamu

Kila siku baada ya magharibi, wanafunzi sita au saba huketi kwenye chumba cha mbele cha nyumba yetu hapa Majengo, Mombasa. Wengi huletwa na jambo moja: ufahamu umewashinda. Kijana mmoja wa kidato cha pili alinisomea kifungu kizima kwa sauti, hakukwama hata mara moja. Vituo alivizingatia, maneno aliyatamka yakatamkika. Nikamwambia afunike kitabu anieleze alichosoma. Akatazama jalada kwa muda, kisha akasema, "Mwalimu, nimekisoma, lakini hakijaniingia."

Kijana yule si mvivu wala hana akili nzito. Ameambiwa tangu utotoni mambo kuhusu kusoma ambayo si ya kweli, na wenzake wengi wameambiwa hayo hayo.

Dhana: Mtoto akisoma bila kukwama, ameelewa

Kiswahili huandikwa kinavyotamkwa. Mtoto akishazijua silabi, ni nadra kukuta neno litakalomshinda kulitamka, awe analijua au halijui. Ni neema kubwa, ambayo mtoto anayeanza kusoma Kiingereza hana. Lakini neema hiyo inaficha mengi. Mzazi yuko jikoni, anamsikia mwanawe sebuleni akisoma kama maji yanavyotiririka, moyo unamtulia.

Hebu soma sentensi hii: "Mdolezi alivigemua vibagwe vyake kwa usherevu kabla ya jua kutua." Nani alivigemua vibagwe? Mdolezi. Vibagwe vya nani? Vyake mwenyewe. Kilikuwa kimoja au vingi? Vingi. Alivigemua vipi? Kwa usherevu. Lini? Kabla ya jua kutua. Umepata tano kwa tano, na sentensi yenyewe haina maana, kwa sababu mdolezi, kugemua, vibagwe na usherevu ni maneno niliyoyabuni mwenyewe. Sarufi ndiyo iliyokubeba. Wanafunzi wangu hucheka sana, halafu chumba hunyamaza, maana wanatambua kuwa hivyo ndivyo wamekuwa wakijibu maswali ya ufahamu miaka yote.

Mwaka 1986 watafiti Philip Gough na William Tunmer walieleza kusoma kwa mfano wa hesabu ya kuzidisha: uwezo wa kutambua maneno yaliyoandikwa, mara uwezo wa kuielewa lugha yenyewe. Kimoja kikiwa sufuri, jibu ni sufuri. Kwetu Pwani jambo hili si geni. Watoto wengi huusoma Msahafu kwa tajwidi nzuri kabla hawajajua tafsiri ya aya wanazozisoma. Usomaji ule una adabu yake na thawabu yake, na hakuna anayedai kwamba aliyehitimu kusoma ameshahitimu na tafsiri. Kitabu cha shule nacho kina tafsiri yake, hata kikiwa cha Kiswahili.

Kwa hiyo mzazi akitaka kujua, amwambie mtoto afunge kitabu asimulie, kwa maneno ya hapa nyumbani, kama anayesimulia alichokiona sokoni Kongowea.

Dhana: Sisi watu wa Mombasa, Kiswahili ni chetu, ufahamu hautusumbui

Hii inaniuma, kwa sababu nimeona watoto werevu wakiiamini mpaka siku ya matokeo. Kiswahili ni chetu, kweli. Lakini Kiswahili sanifu cha vitabuni msingi wake ni Kiunguja, lahaja ya Unguja, na uamuzi huo ulipitishwa hapa hapa Mombasa katika mkutano wa 1928. Kimvita, lahaja yetu ya Mombasa, hakikuchukuliwa. Wazee wetu husema mato, ndia, mtele. Kitabu kinasema macho, njia, mchele. Hizo tofauti ni ndogo, mtoto anazivuka bila taabu.

Kinachomwangusha ni mpangilio wa lugha ya maandishi. Barazani mtu akisema usichokielewa unamtazama usoni, unamuuliza, anarudia. Kifungu hakina uso. Kina maneno madogo tu yanayokuonyesha fikra inakoelekea: ilhali, licha ya, hata hivyo, mradi, kwani, seuze. Wanafunzi huyaruka kana kwamba ni mapambo.

Niliwahi kuwapa sentensi hii: "Licha ya bei ya samaki kupanda, wavuvi wengi hawakunufaika." Nikauliza kwa nini wavuvi hawakunufaika. Watano kati ya sita waliandika: kwa sababu bei ya samaki ilipanda. Basi tukakaa na maneno hayo mawili, "licha ya", karibu nusu saa. Bei ikipanda, muuzaji hutarajiwa kupata zaidi. Mwandishi anasema matarajio hayo hayakutimia, na sababu bado hajaitaja, itafute mbele. Aliyeona hivyo aliendelea kusoma akijua anachokitafuta. Aliyeruka "licha ya" aliendelea akiwa ameshabeba uongo.

Dhana: Neno usilolijua, simama hapo mpaka ulipate kwenye kamusi

Kamusi naipenda na iko mezani kwetu. Lakini katika chumba cha mtihani haimo, na mtahini huuliza "maana ya maneno kama yalivyotumiwa katika kifungu". Neno moja lina maana nyingi. Anayoitaka ni ile ya pale.

Chukua mfano: "Bamvua lilipowadia, maji yalipwa mpaka matumbawe yakaonekana, na wanawake wakashuka ufuoni kusaka pweza. Juma moja baadaye yakaja maji mafu, nao wakarudi mikono mitupu." Tuseme hujui bamvua wala maji mafu. Bamvua "lilipowadia", kwa hiyo ni kitu chenye wakati wake. Lilipofika, bahari ilirudi nyuma sana. Maji mafu yakaja baada ya wiki, na safari hii hakuna pweza, kwa hiyo bahari haikurudi nyuma kama mwanzo. Umeshapata kiini bila kufunua kamusi: bamvua ni majira ambapo maji hujaa sana na kupwa sana, na maji mafu ni majira ambapo tofauti hiyo ni ndogo.

Ila tusidanganyane. Kubahatisha kwa muktadha hufaulu pale maneno mageni yanapokuwa machache. Utafiti wa Hu na Nation wa mwaka 2000, kwa wanaojifunza Kiingereza, ulionyesha kwamba msomaji anahitaji kuyajua karibu asilimia 98 ya maneno ili aelewe bila msaada. Ukurasa ukiwa na neno geni kila mstari, anza na kingine chepesi juu ya jambo hilo hilo, kisha urudi. Huko si kushindwa.

Tena kuna jambo lililojificha katika mfano ule. Mtoto wa mvuvi wa Mji wa Kale aliusoma mara moja akaanza kunisahihisha mambo ya mwezi, kwamba bamvua huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu. Mwenzake aliyelelewa bara, ambaye kwa kawaida humpita kwa alama, aliusoma mara tatu. Ndivyo walivyokuta Donna Recht na Lauren Leslie nchini Marekani mwaka 1988. Waliwapa wanafunzi 64 habari ya mchezo wa besiboli. Wasomaji dhaifu walioujua mchezo walikumbuka na kueleza vizuri kuliko wasomaji hodari wasioujua. Maana yake ni kwamba hakuna anayekiendea kifungu kigeni akiwa mtupu, na hapaswi kujifanya mtupu. Kabla ya kusoma, tazama kichwa chake, ujiulize: juu ya hili ninajua nini? Nimelisikia wapi? Hata kidogo kinatosha kuwa ndoano.

Dhana: Msomaji mzuri husoma haraka na harudi nyuma

Macho hayatelezi juu ya mstari. Yanaruka na kutua, na kila kituo huchukua takriban robo ya sekunde. Hata msomaji hodari, karibu mruko mmoja katika kila kumi ni wa kurudi nyuma. Mwaka 2016 Keith Rayner na wenzake walipitia tafiti za usomaji wa kasi, wakaonyesha kwamba ukiongeza mbio sana, uelewa hupungua. Mtoto anayerudi mstari wa juu asikemewe.

Dhana: Ukikisoma mara tano na kukipaka rangi, kitaingia

Kurasa za njano na waridi nimeziona nyingi. John Dunlosky na wenzake, mwaka 2013, walipima mbinu kumi za kujifunzia. Kupigia mstari na kusoma tena na tena vilikuwa miongoni mwa zenye manufaa haba, na kujijaribu mwenyewe kulikuwa juu. Ukisoma mara ya tano, maneno umeshayazoea, na mazoea yanajifanya kuelewa.

Sisi tunafanya walichofundisha Annemarie Palincsar na Ann Brown mwaka 1984. Kila aya ina kiongozi wake, na kiongozi si mimi, ni mwanafunzi, kwa zamu. Atauliza swali, atafupisha aya kwa sentensi moja ya kwake, atafafanua palipo na utata, kisha atabashiri kinachofuata. Wiki mbili za kwanza huwa ni kigugumizi na kutazamana. Zikipita hizo, wanabishana. Zoezi hilo lina faida nyingine: katika Karatasi ya Pili ya Kiswahili ya KCSE, mtihani wa kumaliza kidato cha nne, ufahamu una alama 15 na ufupisho 15, kati ya 80, na mwenye mazoea ya kufupisha kila aya anafanyia kazi sehemu zote mbili kwa pamoja.

Kuhusu kuanza na maswali kabla ya kifungu, ambako wengi huambiwa ndiyo siri ya mtihani: yapitie, ujue unaulizwa nini. Kisha soma kifungu chote. Anayekwenda kuwinda neno lililo ndani ya swali atalipata, atanakili mstari wake, na mara nyingi jibu litakuwa katika aya nyingine.

Dhana: Ufahamu ni kipaji

Yule kijana wa kidato cha pili bado anakuja. Juzi alikuwa anasoma hadithi ya mama, bintiye na jirani, akasimama katikati ya ukurasa bila kuambiwa. Kidole kilikuwa juu ya sentensi hii: "Alipomwona akilia, alimwambia aende nyumbani." Akasema, "Hapa, Mwalimu. Hapa nimepotea. Nani amemwona nani?"

Sikumjibu. Kiswahili hakitofautishi mume na mke katika "a-" wala "-m-", na watatu wale wote wangeweza kuwa humo. Akapanda mistari miwili juu, akarudi, akapanda tena. Binti ndiye aliyekuwa akilia, hilo alilipata upesi. Aliyemwona ndiye aliyemsumbua, mpaka alipogundua kwamba mama alikuwa ameshaondoka kwenda feri ya Likoni aya nzima iliyotangulia. "Ni jirani," akasema, akaandika neno "jirani" kwa penseli juu ya ile "a" ya kwanza, kisha akaendelea kusoma.