Mkutano wa muziki wa kielektroniki Mwanza? Tatizo si mashine

"Huo ni muziki wa Wazungu, na mashine zake hatuna." Ndivyo utakavyojibiwa Kirumba ukitaja kuleta Mwanza mkutano wa kimataifa wa muziki wa kielektroniki. Si kweli. Mwaka 1944, Halim El-Dabh, mtunzi wa muziki wa Misri, alirekodi ngoma ya zaar, ile ya kupunga pepo, mjini Cairo kwa mashine inayonasa sauti kwenye waya, kisha akaichezea sauti hiyo studioni, akiiongezea mwangwi, mpaka ikawa kitu kingine. Pierre Schaeffer wa Ufaransa, naye akitunga muziki kwa sauti zilizorekodiwa, alifuata 1948. Singeli nayo ilizaliwa Dar es Salaam kwenye kompyuta za kawaida, mapigo yakipita 200 kwa dakika. Na ziwani humu humu, upande wa Uganda, tamasha la Nyege Nyege lilianza Jinja mwaka 2015.

Kinachosumbua ni mambo makavu: viza, forodha kwa vifaa vinavyoingia kwa muda, na umeme. Umeme hasa! Ukipepesa tu, taa hata hazizimiki, lakini miksa ya kidijitali, yaani mashine ya kuchanganya sauti, inajizima na kuanza upya katikati ya onyesho. Ndiyo maana fundi anayejua kazi huipitisha miksa kwenye betri, na jenereta huiwasha kabla wageni hawajakaa.